Sumaku ya mulango wa bustani, na mwaka 1978



Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kutengeneza komeo la sumaku kwa mulango wa bustani yangu ya mboga kule Nzilo. Nilisema nitaimaliza siku moja ya posho. Ilichukua majuma sita, ikaleta baridi kati yangu na baba yangu, na mwishoni ikanifundisha jambo moja juu ya Kolwezi ambalo sikulikuta mu kitabu chochote tulichosoma shuleni. Njo maana naandika.

Bustani iko karibu na ziwa. Kuna lengalenga, nyanya, vitunguu, na sombe pembeni. Mulango ulikuwa na komeo la kawaida, lile la chuma la kusukuma. Komeo halikuwa na shida. Shida ni watoto wanaotoka kuchota maji: ndoo iko kichwani, mukono mmoja umeshika ndoo, mukono wa pili umeshika mudogo wake. Nani atasimama kusukuma komeo? Mulango unabaki wazi, mbuzi za jirani zinaingia. Asubuhi moja nilikuta lengalenga yote imekatwa, sawa vile mutu amepita na mukasi. Nikauliza nani aliacha mulango wazi.

"Mi hapana, papa. Ni upepo."

Haya, upepo wa Nzilo uko na mikono! Sikugombana. Nikawaza: nahitaji mulango unaojirudisha wenyewe, na kitu cha kuushika ukifika, bila mutu kutumia vidole. Sumaku ku nguzo, kipande cha chuma ku mulango, basi.

Sumaku natoa wapi? Fundi yeyote wa kwetu anajua jibu: fungua bafle iliyokufa. Nyumbani tulikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa bafle kubwa ya miaka ya 1990, ile tuliyochezea ndombolo mupaka karatasi yake ikapasuka. Ya pili ilikuwa ndani ya redio ya zamani ya baba, ya sanduku la mbao, aliyonunua mwaka 1974 kwa mushahara wake wa kompanyi. Redio ile ilinyamaza zamani, lakini ilibaki juu ya kabati na kitambaa cha mama juu yake.

Nilifungua zote mbili. Kwa redio sikuomba ruhusa. Nilijiambia: kitu kimekufa, kinakusanya vumbi tu, muzee hata hataona.

Tofauti ya ndani ilinishangaza. Mu bafle ya miaka ya 1990 sumaku ilikuwa pete nyeusi, nzito, pana kama sahani ndogo, inafanana na jiwe la kunolea kisu. Mu redio ya baba ilikuwa kipande kidogo cha chuma cheupe kinachong'aa, si kikubwa kuliko kizibo cha chupa, kimekaa ndani ya nyumba yake ya chuma yenye umbo la U. Na kile kidogo kilikuwa na nguvu! Kikiwa bado ndani ya nyumba yake kilikamata ufunguo wangu wa boloti, nikauvuta kwa mukono mzima. Nikasema, njo hii. Ndogo, nzuri, itafichika ndani ya nguzo. Nikaichokoa kwa bisibisi, nikaitoa.

Mikononi mwangu ikawa chuma tu. Ilishika misumari miwili, mitatu, basi. Niliirudisha mahali pake, nikafikiri nguvu itarudi. Haikurudi.

Jioni baba aliingia, akaona mbao wazi juu ya meza. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Ile redio, ni nani alikuomba uifungue?" Nikasema, muzee, ilikuwa imekufa. Akanijibu: "Imekufa kwako." Akaenda kulala bila kula bukari.

Nilisoma mambo ya umeme na mashini, kama wengi wenu mnavyojua, na nilipaswa kujua kilichotokea. Kwa hiyo nilianza kutafuta, kwanza kwa haya, kisha kwa hamu. Na nilichopata ni historia yetu.

Kile kipande cheupe kinaitwa Alnico. Jina limeshonwa kutoka alumini, nikeli na kobalti; kilichobaki, na kingi zaidi, ni chuma, pamoja na shaba kidogo. Mu aina yake iliyoenea zaidi, kobalti peke yake inakaribia robo ya uzito. Alnico ina sumaku kali, lakini ina tabia moja: ikitengenezwa inapewa nguvu ikiwa ndani ya nyumba yake ya chuma, na nyumba ile njo inaishikia nguvu. Ukiichomoa, uwanda wake wenyewe unageuka kuipiga, na sehemu kubwa ya nguvu inapotea. Ukiirudisha baadaye haisaidii. Lazima ipewe nguvu upya.

Sasa hii kobalti ilitoka wapi? Siwezi kuapa juu ya kipande kile kimoja. Lakini mu miaka ile ya 1970, karibu nusu ya kobalti ya dunia nzima ilitoka nchini mwetu, wakati ule Zaire, na kubwa ya ile ilitoka hapa hapa, mu udongo wa Kolwezi na majirani zake. Baba alinunua redio iliyotoka ng'ambo, na ndani ya kifua cha redio kulikuwa, kwa bahati kubwa, kipande cha muji wake.

Turudi nyuma kidogo. Jina "kobalti" lenyewe lilianza kama tusi. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani walikuta mawe yaliyofanana na madini mazuri, lakini wakiyachoma wanapata moshi wa sumu na hakuna fedha. Wakasema ni kazi ya kobold, pepo mbaya wa mugodi. Mwaka wa 1735 hivi, Georg Brandt wa Sweden alionyesha kwamba ndani yake kuna metali mpya. Hata hapa Katanga, mwanzoni, Union Minière ilikuja kwa shaba. Kompanyi ilianzishwa mwaka 1906, shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na kobalti iliyochanganyika na ile shaba ilikuwa usumbufu. Ni mu miaka ya 1920 tu ndipo walianza kuitoa na kuiuza kama mali.

Kilichofanya ikuwe mali, sehemu moja, ni sumaku. Mwaka 1917, Kotaro Honda wa Japani alitengeneza chuma cha sumaku chenye kobalti nyingi, karibu asilimia 35, chenye nguvu kupita sumaku zote za wakati wake. Mwaka 1931 Mjapani mwingine, Tokushichi Mishima, akagundua mchanganyiko wa chuma, nikeli na alumini. Wengine wakauongezea kobalti, na Alnico ikazaliwa. Kutoka pale, kila simu, kila redio, kila kipimo cha umeme mu ndege za vita ya pili ya dunia, vilihitaji kile kipande cheupe. Na Katanga njo ilikuwa muuzaji mukubwa.

Juu ya kuipata kobalti safi, unahitaji umeme mwingi. Njo hapa Nzilo yetu inaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Union Minière ilifunga muto Lualaba mahali pa magenge ya Nzilo, ikawasha mitambo ya megawati 108. Wakati ule waliita bwawa hilo Delcommune, kwa jina la Mbelgiji aliyepita Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Jina la Nzilo likarudi juu ya karatasi wakati wa Zaire. Mwaka 1960 kiwanda cha Luilu kilifunguliwa Kolwezi: madini yanayeyushwa mu asidi, umeme unapitishwa, shaba inajikusanya juu ya mabamba, na kobalti vilevile. Fikirini vizuri. Ndani ya bwawa, maji yanazungusha sumaku za umeme katikati ya nyaya za shaba, umeme unazaliwa. Umeme ule unaenda Luilu kutoa kobalti. Kobalti inaenda ng'ambo kutengeneza sumaku. Sumaku inarudi ndani ya redio, na sisi tunailipa. Mwaka 1967 Union Minière ilichukuliwa na serikali, baadaye ikawa Gécamines, lakini duara ile haikubadilika.

Kisha ikaja 1978.

Baba hakuwa anapenda kuongea juu ya mwaka ule. Kwa majuma mawili tulisalimiana tu. Siku moja nikaenda nikakaa karibu naye, nikamuambia nilichosoma juu ya kile kipande, na nikamuomba pole. Alinisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema:

"Unajua ile redio ilikuwa wapi mu mwezi wa tano?"

Nikasema hapana.

"Chini ya kitanda. Na sisi tulikuwa chini ya kitanda pamoja nayo."

Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978, siku ya posho, alfajiri, wapiganaji wa FLNC waliotoka Angola na kupita Zambia waliingia Kolwezi. Wengi wao walikuwa wale wanaoitwa magendarme wa Katanga na watoto wao, waliokimbia nchi baada ya secession kushindwa. Kwa siku nyingi muji ulikuwa mikononi mwao. Tarehe 19 maparakomando wa Ufaransa walishuka kutoka angani, kesho yake wakaja Wabelgiji. Mamia ya watu waliuawa, Waafrika na wazungu, na wengi wa Waafrika hawakuandikwa majina yao popote. Wazungu zaidi ya elfu mbili walihamishwa kwa ndege, na pamoja nao wakaondoka mainjinia na mafundi wakuu wa migodi.

Baba alisema siku zile hakuna aliyethubutu kwenda kisimani. Usiku waliwasha redio, sauti chini kabisa, sikio limegusa kitambaa. Sauti ya mbali ikasema mu Kifaransa: Kolwezi. "Tulisikia jina la muji wetu likitoka Bulaya," alisema, "na hatukujua kinachotokea mu avenue ya pili."

Nilinyamaza. Niliwaza kile kipande cheupe kikitetemesha karatasi ya bafle chini ya kitanda, kikitamka jina la mahali kilipotoka.

Sasa sikilizeni kilichotokea mbali na hapa, mu maofisi ya wanunuzi. Kabla ya vita kobalti iliuzwa chini ya dola 7 kwa ratili, ambayo ni karibu nusu kilo. Ilikuwa imeshaanza kuwa adimu, juu viwanda vya ndege na vya sumaku viliitaka zaidi. Habari za Kolwezi zilipofika, wote waliogopa siku moja. Kila mutu akataka kununua na kuficha. Mwaka 1979 bei rasmi ya wazalishaji ilifika dola 25, na mu soko la wazi watu walilipa zaidi ya dola 40. Ilikuwa ghali hata wakaisafirisha kwa ndege badala ya gari-moshi na meli.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi sikulijua kamwe. Uzalishaji wetu wa kobalti haukuanguka mwaka ule kama watu walivyodhani. Mitambo haikuharibiwa sana. Kazi ilirudi mapema. Baba anakumbuka waliitwa kazini kabla hata ya makaburi kukauka. Kobalti iliendelea kutoka. Kwa hiyo dunia haikukimbia ukosefu wa kobalti. Ilikimbia woga wa kuikosa.

Ilikimbilia wapi? Jibu lilikuwa juu ya meza yangu: ile pete nyeusi.

Pete ile inaitwa feriti. Ni sumaku ya udongo wa kuoka, sawa chungu: kutu ya chuma iliyosagwa, ikachanganywa na bariamu au stronti, ikakandamizwa, ikachomwa. Wajapani Yogoro Kato na Takeshi Takei walifungua njia ya feriti mwaka 1930 kule Tokyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wa Philips kule Uholanzi walitengeneza aina ngumu inayofaa kama sumaku ya kudumu. Haina kobalti hata chembe. Ni dhaifu kuliko Alnico kwa ukubwa uleule, njo sababu inakuwa pana na nzito. Lakini ni rahisi mno. Viwanda vya bafle vilikuwa vimeshaanza kuitumia pole pole. Baada ya 1978 karibu vyote viliikimbilia. Ndani ya miaka michache Alnico ilitoka mu redio na mu bafle za kawaida. Leo inakaa sana mu magitaa ya umeme na mu vyombo vya pekee.

Wengine walienda mbali zaidi. Tangu miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na sumaku kali ya samari na kobalti, lakini nayo ilikula kobalti. Ghafla maswali yakageuka: je, tunaweza kupata sumaku kali kwa chuma, bila kobalti? Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa General Motors, kila mutu upande wake, walipata jibu, na mwaka 1983 dunia ikalisikia: neodimi, chuma na boroni. Njo ile sumaku ndogo inayobana vidole, iliyo ndani ya simu yako, ndani ya mota za magari ya umeme. Theluthi mbili ya uzito wake ni chuma. Kobalti ikiingia, ni kidogo tu, ya kuisaidia kuvumilia joto.

Na bei yetu? Ile ya dola 25 na 40 haikudumu. Miaka minne baada ya vita ilikuwa imeanguka tena karibu na pale ilipoanzia. Wanunuzi walikuwa wameshajifunza kuishi bila sisi, na kitu mutu amejifunza mu njaa hakisahau mu shibe.

Nilimueleza baba haya yote. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. "Kwa hiyo ile bafle yako ya ndombolo," alisema, "ni mutoto wa vita yetu."

Ndiyo, muzee. Ni mutoto wa 1978.

Basi, komeo nilitengeneza na ile pete nyeusi. Nawaandikia namna, huenda mutu ataihitaji.

Kwanza, usiivue vyuma vyake. Pete ya feriti peke yake inatawanya nguvu yake hewani. Yale mabamba mawili ya chuma, la mbele na la nyuma, njo yanakusanya nguvu na kuileta mahali pamoja. Mimi niliondoa karatasi, waya na fremu ya bafle, nikaacha pete na mabamba yake vimeshikana. Feriti haisumbuliwi na kuchomolewa kama Alnico, lakini inapasuka kama sahani. Usiipige nyundo, wala usitoboe tundu ndani yake.

Pili, ku mulango unaweka bamba la chuma la kawaida. Mutoto wangu alileta kipande cha shaba akisema kinapendeza. Nikamuonyesha: sumaku haiitaki shaba. Akaenda kuleta jiwe la kobalti, lile jeusi, tuone. Nalo halikushikwa. Alishangaa, juu nilimuambia kobalti inapenda sumaku. Ni kweli, lakini ikiwa metali. Ikiwa bado jiwe, imefungana na oksijeni, haisikii kitu. Kwa hiyo ukisikia kijana anadanganywa kwamba atapima jiwe lake la kobalti kwa sumaku, mukataze. Sumaku ikishika jiwe lile, inaelekea imeshika chuma kilichomo.

Tatu, usiache bamba na sumaku vigusane wazi. Mara ya kwanza mulango uligonga, kipande cha pete kikaruka. Mara ya pili nilibandika katikati kipande cha shambrea ya pine ya baiskeli. Kinapunguza nguvu kidogo, na hiyo ni nzuri: mutoto wa miaka mitano aweze kufungua kwa kidole kimoja. Ukiona sumaku inavuta kupita kiasi, ongeza shambrea ya pili.

Ine, na hii njo ilinipotezea majuma mawili: sumaku haishindani na mbuzi. Mbuzi akiegemea, komeo lolote la sumaku linaachia. Dawa si sumaku kubwa zaidi. Dawa ni mulango kufunguka kuelekea nje. Mbuzi anasukuma kuingia, mulango unakandamiza nguzo, anachoka, anaenda zake. Mutu anavuta. Mutoto akitoka na ndoo, anasukuma kwa kiuno. Bawaba ya juu niliisogeza kidogo pembeni ili mulango uiname na kujirudisha wenyewe. Sumaku inabaki na kazi moja tu: kuushika ukifika, upepo usiuchezee.

Tangu pale lengalenga inakua. Upepo wa Nzilo umeacha kusingiziwa.

Kwa redio ya baba, nilikwenda kwa rafiki anayesuka upya bobini za mota pale Kolwezi. Tulirudisha kile kipande mu nyumba yake ya chuma, tukakizungushia waya wa shaba karibu mara mia mbili, tukagusisha batri ya lori kwa kufumba na kufumbua tu, mara tatu. Waya ulipata moto hata harufu ikatoka. Msijaribu bila mutu anayejua, batri ya lori haina mchezo. Tulipojaribu ufunguo wa boloti, ulishikwa. Si kama zamani, lakini ulishikwa. Nikafunga mbao, nikairudisha redio juu ya kabati na kitambaa cha mama. Baba aliiangalia, hakusema kitu, akaniitia chai.

Kwa nini nawaletea haya sasa, mwaka huu? Juu tuko tena ndani ya hadithi ileile. Leo nchi yetu inatoa zaidi ya tani 7 kati ya 10 za kobalti ya dunia, na safari hii ni kwa batri. Bei ilipoanguka, mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje, na mwezi wa 10 ikafungua tena kwa kipimo cha kila kompanyi. Bei ikapanda. Wengi tulishangilia, na mimi pia. Mwenye mali ana haki ya kukataa kuitupa. Lakini kuna batri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti kabisa, ambazo tayari zinaendesha mamilioni ya magari. Ni pete nyeusi ya wakati huu.

Simaanishi kwamba tungeuza kwa bei ya karanga ili mununuzi asiogope. Namaanisha kwamba bei ya juu ni mulango unaokaa wazi muda mufupi. Kati ya 1978 na 1982 mulango ulikuwa wazi. Dola ziliingia. Je, wakati ule nani alijenga hapa hata karakana moja ya kutengeneza sumaku, kwa kobalti iliyokuwa chini ya miguu yetu, na umeme wa Nzilo uliokuwa juu ya vichwa vyetu? Mimi nimefungua bafle nyingi maishani mwangu. Sijakuta hata moja iliyoandikwa kwamba sumaku yake ilitengenezwa Kolwezi. Sisi wahitimu wa umeme, wa kemia, wa metali, tuko mamia ndani ya chama hiki. Mulango uko wazi tena. Ukijifunga, tusiseme ni upepo.

Na jambo moja la mwisho, kwa wale ambao wazee wao walikuwa Kolwezi mu mwezi wa tano wa 1978. Kaeni nao. Waulizeni redio ilikuwa wapi. Baba yangu alisubiri karibu miaka hamsini mutu amuulize, na mimi niliuliza kwa sababu tu nilikuwa nimemuharibia sumaku.